Chujio la Namba Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwa Mtunza Mashine wa makumbusho

Mwanangu,

Marahaba, nami sijambo. Basi ndiyo hivyo, hiyo namba kumi na saba uliyoiulizia redioni si mimi. Mimi nilikuwa kumi na sita. Kumi na saba alikuwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, meza zetu zimegusana, tumekaa kiwiko kwa kiwiko miaka minne pale kiwandani. Kama hilo chujio limefungwa kikaratasi cha kumi na saba, ni lake, na kama lina kasoro, kasoro ni yake, masikini, na yalishapita. Liandike hivyo hivyo ukutani kwako, uendelee na mengine.

Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Mimi shule niliiona paa tu, tena kwa mbali. Ukikuta vumbi la chaki kwenye karatasi ujue ni la kwake, anakata gauni la bibi harusi huku ananisikiliza, na bibi harusi mwenyewe ananenepa kila wiki. Anasema nisiseme hivyo. Andika, wewe! Ningekupigia simu, lakini simu yangu haina subira na mimi, nikifika katikati inazimika. Na wewe mwenyewe ulisema redioni kwamba wanawake wote waliofanya kazi pale tukuandikie, maana barua inawekwa.

Uliuliza tulipatikanaje. Walikuja watu wawili na begi la sindano. Hawakuuliza darasa la ngapi. Walisema, nyoosheni mikono. Mkono ukitetemeka, asante mama, nenda nyumbani. Wa mdogo wangu ungeweza kuuwekea kikombe cha chai kimejaa pomoni. Tukachukuliwa wote wawili, mimi nina miaka ishirini na minane na watoto wawili, yeye ishirini na mbili, hana mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa pete. Pete nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta, unaziona kwa kioo cha kukuzia. Sitini na nne kwenda, sitini na nne kushuka, ndani ya fremu ya upana wa kiganja. Kila pete inapitishwa nyaya nne nyembamba kama nywele. Wa nne ndio wenye kiburi, tulimwita Msikilizaji: anapita pete zote kwa mshazari, mwanzo mpaka mwisho, bila kukatwa. Ukitaka kupiga chafya unanyoosha mkono kwanza, unatoka nje. Kuna mwenzetu alipiga chafya bila ruhusa, pete mia mbili zikaruka, nyingine tulizikuta wiki ya pili kwenye kilemba cha msimamizi.

Hatukujua ni za nini. Kwa kuwa zilifanana na chujio la chai, tukaziita machujio. Mwaka wa pili ndipo walipotupeleka kuiona kompyuta yenyewe. Chumba kizima! Makabati ya chuma marefu kuliko mimi, yanaunguruma, na baridi mle ndani kama umeingia kaburini. Injinia akafungua kabati moja, tukaona machujio yetu yamepangwa kama sahani. Akasema, hii ndiyo kumbukumbu yake, kila pete inashika jambo moja tu, ndiyo au hapana. Mimi mdomo wangu unaujua, nikamuuliza, inakumbuka nini? Akasema, chochote utakachoiambia. Nikasema, na usipoiambia? Akacheka, akasema, basi haijui, mama.

Mimi waliniita Redio. Mdogo wangu walimwita Kimya. Huna haja ya kuuliza sababu.

Sasa zamu yangu. Hilo chujio umelitoa wapi? Maana siku aliyofukuzwa kazi, mdogo wangu aliondoka nalo mkononi, na wiki tatu baadaye akaondoka na mjini kwenyewe. Miaka hamsini na mmoja. Sijui kama anakula, sijui kama alizikwa. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mimi,
Redio wa meza ya kumi na sita

*

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimewasomea wenzangu wote ofisini. Aliyecheka zaidi ni mkurugenzi, naye huwa hacheki.

Umeuliza nimelitoa wapi. Lilikuja kwa posta mwezi wa kumi, ndani ya kopo la biskuti, limefungwa kwa kitambaa cha pamba. Aliyelituma ni mwanamke wa mji wa mbali. Anwani yake ninayo, ila ameniomba nisimpe mtu. Ndani aliweka kikaratasi chenye maneno sita: "Sikulitengeneza mimi. Nimelitunza tu. Msilitupe, tafadhali."

Hapo ndipo ninapokwama. Kikaratasi cha kiwandani kinasema kumi na saba. Wewe unasema kumi na saba ni mdogo wako. Lakini mwisho wa Msikilizaji, pale mlipomalizia kwa fundo la uzi, nimeona jambo. Tunayo machujio mengine tisa ya namba kumi na saba, na mafundo yake yote yamezungushwa kwenda kulia. Hili moja limezungushwa kwenda kushoto. Nikatazama ya namba kumi na sita, ambayo ni yako. Yote yamekwenda kushoto.

Je, inawezekana vikaratasi vilichanganywa? Naomba unisaidie haraka, kwa sababu maonyesho yanafunguliwa tarehe kumi Aprili na maelezo ya ukutani yanakwenda kuchapwa. Kwa sasa, kwa kufuata barua yako, yanasomeka hivi: "Chujio lenye kasoro. Lilifumwa na mfanyakazi namba 17, aliyeachishwa kazi kwa sababu hiyo."

Mjukuu wako,
Mtunza Mashine

*

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Macho yako hayo, umeyapeleka hospitali lini mara ya mwisho? Fundo ni fundo. Lina kulia na kushoto, lina masharubu? Tulikuwa wanawake arobaini kwenye chumba kimoja, mtu anafunga anavyofunga, siku anaumwa kiuno anafunga upande, siku kamgombeza mume anafunga kwa hasira. Usiwasumbue watu kwa mafundo.

Hayo maneno sita yanatosha kumjua. Mdogo wangu siku ya arusi yangu alitoa hotuba ya maneno manne, na mawili yalikuwa salamu. Kwa hiyo yu hai. Ungeniambia hilo mstari wa kwanza, usingenipitisha kwenye mabiskuti.

Hapa kwetu mvua imenyesha, bati linavuja pale pale. Watoto wangu wote wawili wako mbali, hupiga simu Jumapili, wananiuliza umekula, nasema nimekula, imekwisha. Ndiyo maana namchosha huyu fundi cherehani wa watu. Anasema simchoshi. Mwongo. Gauni la bibi harusi limegeuka hema.

Anwani yake nipe. Mimi ndiye dada yake, nimemlea tangu mama yetu hajazikwa vizuri. Nilimsuka, nilimvisha, nilimfunga mkanda wa gauni kila asubuhi mpaka anakua. Nani mwenye haki na anwani kuliko mimi?

Kuhusu maelezo ya ukutani, wewe ndiye uliyesoma.

Redio

*

Jumanne, tarehe 26 Machi

Usichape.

Nimemwamsha fundi cherehani kabla hajanywa chai. Andika upesi, usipambe, na usinitazame hivyo. Mwanangu, usichape yale maneno. Hilo chujio ni langu. Mimi natumia mkono wa kushoto tangu nazaliwa.

Nitakueleza kama lilivyokuwa. Kila mtu alitakiwa kutoa machujio manne kwa wiki. Ukipungukiwa wiki mbili, unatoka, mwingine anakaa. Kwa hiyo sisi wanawake tulikuwa na utaratibu wetu, msimamizi hakuujua. Mwenzio akiumwa, unafuma lako la tano, unalifunga kikaratasi cha namba yake. Tuliita kuazimana. Leo mimi, kesho wewe. Watu walizaa, walizika, waliugua, na namba zao hazikupungua.

Mdogo wangu aliumwa homa wiki mbili. Anakuja kazini, analaza kichwa mezani. Wiki ya pili akawa amepungukiwa moja. Nikasema, lala, nakufumia. Nimefika kwa Msikilizaji, nimebakiza safu tatu tu, waya ukakwama ndani ya pete.

Sasa sikiliza sheria, maana tulisomeshwa siku ya kwanza mpaka ikawa kama wimbo: waya ukikwama, usivute. Unautoa wote, kutoka mwisho hadi mwanzo, unaanza upya. Kazi ya siku nzima inakwenda. Na ilikuwa Ijumaa alasiri.

Nikavuta.

Ukapita. Ukapita laini kabisa. Nikafunga fundo langu, nikafunga kikaratasi cha kumi na saba, na nilijisifu, mwanangu. Nilimwambia mdogo wangu, umeona dada yako?

Nilichokuwa nimefanya ni kuukwangua waya ngozi yake. Kwenye chumba cha majaribio palikuwa na baridi, likafaulu. Likaenda kwa watu wa hali ya hewa. Kule kila siku mchana makabati yakipata joto, kompyuta inaanza kusema uongo. Asubuhi inasema mvua, mchana inasema jua, jioni inarudi kwenye mvua. Wiki tano wanaitafuta kasoro. Wakaifuata kabati kwa kabati, chujio kwa chujio, mpaka pete moja. Pete moja, kati ya zote zile. Likarudi kiwandani na kikaratasi chake.

Msimamizi akasimama mbele yetu, amelishika juu. Akasema, namba kumi na saba. Mdogo wangu akasimama. Akapewa alitazame. Akalitazama, akaligeuza, akaliona fundo. Kisha akanitazama mimi.

Wanawake arobaini mle ndani, na mdomo wote huu niliopewa na Mungu, sikusema kitu. Mume wangu hakuwa na kazi. Watoto wawili. Nikijitaja, nafukuzwa mimi, na utaratibu wa kuazimana unajulikana, wanafukuzwa na wengine. Hayo niliyapanga baadaye. Pale pale sikupanga lolote, niliogopa tu.

Msimamizi akamrushia lile chujio kifuani. Akasema, nenda nalo nyumbani, ukachujie chai.

Basi. Hilo ndilo la kuandika. Na hii barua mpelekee mwenye kopo la biskuti. Anwani usinipe, mpelekee tu.

Redio, namba kumi na sita

*

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Shikamoo Bibi,

Maonyesho yamefunguliwa. Ukutani sasa pameandikwa: "Lilifumwa na namba 16 kwa niaba ya namba 17, aliyekuwa mgonjwa." Watu husimama hapo muda mrefu kuliko penye kompyuta yenyewe.

Kuna jambo nilitaka ulijue. Kabla ya kuliweka kwenye kioo tulilipima, tukapitisha umeme polepole. Pete hizi hazihitaji umeme ili zikumbuke. Ukizima leo, zinashika walichoziachia mpaka siku utakayoziuliza. Zote zilijibu. Tulipowasha taa ya joto, moja ikaanza kukosea, safu ya tatu kutoka mwisho. Ulikumbuka vizuri kabisa.

Barua yako niliituma. Jibu limekuja, nimelitia humu humu, na mwenyewe ameniruhusu kukupa anwani. Iko nyuma ya bahasha.

Mjukuu wako,
Mtunza Mashine

*

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Dada,

Naandika mwenyewe. Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini, ili siku ukinitumia barua nisisomewe na mtu. Sikukuachia anwani. Hilo ni kosa langu.

Fundo lako nilikuwa nalijua kabla ya kujua kuhesabu. Lilikuwa mgongoni kwangu kila asubuhi. Watoto wenzangu walijaribu kulifungua wakashindwa.

Sikuondoka kwa ajili ya kazi. Kazi ningepata nyingine. Siku ile ulirudi nyumbani, ukaniandalia chakula, ukanieleza habari zote za kiwandani. Nani kaja na viatu vipya, nani kagombana na nani, injinia kaangusha miwani. Ulisema mpaka jua likazama. Nikakuuliza, kuna lingine? Ukasema, hakuna lingine, kula, kinapoa.

Nilikuuliza hivyo kila siku kwa wiki tatu.

Nimekaa peke yangu muda mrefu, nimezoea. Miaka sita sasa masikio yangu hayasikii kabisa. Ukija utasema, nami sitasikia. Lakini njoo. Mlango ni wa buluu.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Fundi cherehani amenisomea barua yako mara nne. Mara ya tano amekataa, anasema macho yanamwasha. Vumbi la kitambaa limemwingia, anasema. Haya.

Hii barua sitaitia posta. Naibeba mwenyewe mkononi, nitakupa mlangoni, usome nikiwa nimesimama pale pale. Maana nimefikiri, mimi siwezi kuandika, wewe huwezi kusikia. Mungu ana utani na sisi. Mdomo wangu umefanya kazi miaka themanini na mitatu bila likizo, na ninakwenda kwa mtu mmoja duniani ambaye hauna kazi kwake.

Umepona ile homa? Naona nimechelewa kuuliza.

Mezani kwako kule kiwandani walimkalisha mtu mwingine karibu yangu, namba kumi na saba mpya. Mwanamke mzuri, mcheshi. Sikumpenda hata siku moja. Nilikaa pale miaka mitatu zaidi, mpaka zikaja kompyuta za namna nyingine, zisizotaka pete wala sindano, wakatushukuru, wakafunga milango. Siku ya mwisho nilichukua sindano yangu moja. Ninayo hapa. Nimeichomeka kwenye kola ya gauni ili nisiisahau. Na uzi nimechukua, wa pamba, mrefu, nitakufunga kitu, chochote, mkanda, mkono, utaniambia kama bado ni lile lile.

Hapa nyumbani funguo nimemwachia huyu mwandishi wangu. Bati linavuja, ameahidi kuweka ndoo. Bibi harusi ameshaolewa, gauni lilipasuka kwapani wakati anakata utepe, nitakusimulia. Aa, sitakusimulia. Ona sasa, nimeshaanza. Unaona ninavyofanya? Ndivyo nilivyofanya siku ile. Yale ya viatu vipya, yale ya miwani ya injinia. Kila nikilifikia nalikwepa, natafuta habari nyingine naiweka mbele. Wewe umekaa umeshika bakuli, unangoja.

Andika hili polepole, fundi, kwa herufi kubwa.

Uliniuliza kuna lingine. Nikasema hakuna.

Lipo, mdogo wangu. Lilikuwepo siku ile na lilikuwepo kila siku kwa wiki tatu, na lipo leo. Lenyewe si refu. Ni kwamba nilipokuona umesimama pale umelishika, mimi nili

Nini? Dereva? Mwambie nakuja! Mwambie asizime injini, haitawaka tena, ninaijua ile gari. Nakuja, baba, mbona una haraka hivyo, nimengoja miaka hamsini na mmoja wewe huwezi kungoja mstari mmoja? Haya, haya.

Acha hapo hapo, fundi. Usimalizie kwa maneno yako. Kunja. Nipe.